Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mfuko wa Utafiti: Swali la "Elementi Mpya" Linatupoteza Njia

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, ninakuandikia kuhusu kipengele kimoja cha fomu yenu ya maombi ya ufadhili, kile kinachomtaka mwombaji ataje elementi mpya atakayoitia katika oksidi yake. Ninatafiti chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanometa, za oksidi ya bismuthi na chuma, na ombi langu la mwisho lilirudishwa kwa maelezo kwamba elementi nilizopendekeza zimekwisha kujaribiwa. Siandiki ili ombi hilo lifufuliwe, bali kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya.

Oksidi hii ni miongoni mwa chache ambazo, katika joto la kawaida la chumbani, zina mpangilio wa umeme unaobaki hata volteji ikiondolewa, na papo hapo zina mpangilio wa sumaku. Ndiyo maana huitwa multiferoiki. Mpangilio wa umeme hudumu hadi takriban nyuzi 830 za Selsiasi, na ule wa sumaku hadi takriban nyuzi 370. Kasoro yake ni kwamba sumaku ndogondogo za atomi za chuma hutazamana kinyume, kisha hujipanga katika msokoto wenye urefu wa takriban nanometa 62, kiasi kwamba hufutana na kwa nje hausikiki karibu usumaku wowote. Chembe ikiwa fupi kuliko msokoto huo, msokoto haupati nafasi ya kukamilika, na usumaku kidogo hujitokeza.

Hapo ndipo dopingi inapoingia, yaani kuondoa sehemu ndogo ya ioni (atomi zenye chaji) za bismuthi au za chuma na kuweka nyingine mahali pake. Ioni ya samari, kwa kuwa ni ndogo kuliko ya bismuthi, huipinda fuwele na kuuvuruga msokoto. Ioni ya lanthani inakaribiana sana na ya bismuthi kwa ukubwa, lakini haina ile jozi ya elektroni inayoisukuma bismuthi kando na kuzaa mpangilio wa umeme, hivyo ikizidi, umeme hudhoofika. Mtafiti hupata huku na kupoteza kule, na kiasi kilichotiwa kina uzito uleule wa jina la elementi.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika kumbukumbu za kielektroniki, yaani vifaa vya kuhifadhi data. Bismuthi huvukiza upesi wakati wa kuchoma unga, na oksijeni nayo huondoka, ikiacha nafasi tupu zinazopitisha mkondo unaovuja. Ukitia titani, yenye chaji 4, mahali pa chuma chenye chaji 3, nafasi hizo hupungua na uvujaji hushuka. Ukitia kalisi, yenye chaji 2, mahali pa bismuthi, nafasi hizo huongezeka. Kwa kumbukumbu inayohifadhi data katika mwelekeo wa umeme, kalisi ni balaa. Kwa kumbukumbu inayohifadhi data katika ukinzani wa umeme, ambamo volteji huzisogeza nafasi tupu ili njia ya mkondo ifunguke au ifungwe, hizohizo ndizo mtaji. Kwa hiyo hakuna elementi iliyo nzuri au mbaya kabla hatujasema inatakiwa kufanya kazi gani.

Sasa nije kwenye linaloniumiza zaidi. Oksidi hii ikichomwa vibaya hata kidogo, huacha uchafu wa oksidi nyingine za chuma, na baadhi yake zina usumaku mkali. Asilimia 1 tu ya maghemiti, mojawapo ya oksidi hizo, yaweza kutoa takriban emu 0.7 (emu ni kizio cha usumaku) kwa gramu, kiwango kinacholingana na usumaku ambao wengi wetu huutangaza kuwa tunda la dopingi, ilhali kiasi hicho ni vigumu kukiona katika kipimo cha kawaida cha eksirei. (Nami nimewahi kushangilia mchoro wa magnetomita kwa siku tatu kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nikishangilia uchafu.) Fomu inayodai upya peke yake humlipa anayekimbilia elementi inayofuata na kumnyima anayetaka kuhakiki ile iliyotangulia.

Ninaomba, basi, swali hilo libadilishwe ili mwombaji aeleze elementi yake itakaa mahali pa ioni ipi, kwa viwango vipi visivyopungua vinne, chaji itasawazishwa vipi, na uchafu wa sumaku utatafutwa kwa njia gani zaidi ya eksirei, kwa mfano kwa spektroskopia ya Mössbauer, ambayo huzitofautisha atomi za chuma kwa mazingira yake. Ninaomba pia bajeti iruhusu muda wa vipimo hivyo katika maabara nyingine, kwa kuwa maabara nyingi ndogo hazina vyombo hivyo, na kwamba ombi la kurudia kazi iliyokwisha kuchapishwa lisikataliwe kwa sababu hiyo peke yake.

Wako katika utafiti,
Mtafiti wa kemia ya yabisi