Cape Town: mambo ya safari, someni yote kabla ya kuuliza

Haya watu wangu, kura za wapi twende zimeisha, tunaenda Cape Town. Sauzi ndoa zetu za jinsia moja ni halali tangu 2006 na katiba yao inakataza ubaguzi, kwa hiyo mkibuk chumba cha kitanda kimoja hakuna haja ya ile stori ya "huyu ni binamu wangu" lol.

Pa kulala napendelea De Waterkant, au Green Point hapo jirani, ndiko baa na mikahawa yetu iko na Bo-Kaap ya nyumba za rangi rangi unatembea tu kwa miguu. Mchana tukienda biichi ni Clifton ya tatu (Clifton 3rd Beach), ndiyo watu wetu wanapendaga, lakini nawaambia mapema maji ya kule ni baridi kama friji, msitegemee Diani. Table Mountain tupande siku ya kwanza hali ya hewa ikiwa poa, maana upepo ukichachamaa kile kigari cha waya kinasimamishwa na mtabaki kuangalia mlima kutoka chini.

Wenye pasipoti ya Kenya viza hatuhitaji, hadi siku 90, ila beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano tafadhali!! Usiku tunapanda teksi za app, hakuna kutembea peke yako hata kama ni karibu.

Na picha jamani, usiposti sura ya mtu bila kumuuliza, wengine huku nyumbani bado hawajaambia familia. Depo (deposit) ya safari mniletee inbox kufikia Ijumaa, sio hapa kwa grupu.