Hesabu ya limfosaiti isomwe siku baada ya siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sepsisi, hali ambayo kinga ya mwili, katika kupambana na maambukizi, hupotoka hadi figo, mapafu na viungo vingine vikaanza kushindwa kazi. Makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa wapatao milioni 49 duniani na vifo milioni 11.

Homa na mapigo ya moyo ya kasi hutushughulisha sana siku za mwanzo, lakini wagonjwa wengi hufariki baadaye, kinga ikiwa imedhoofika na maambukizi mapya yakapata mwanya. Udhoofu huo huonekana katika damu. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, hufa kwa wingi, na zikiwa bado chache kufikia siku ya 4 tangu sepsisi igunduliwe, hatari ya kifo huongezeka. Monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo hupungukiwa na HLA-DR, protini inayozisaidia kuzionyesha seli nyingine vipande vya vijidudu. Upungufu huo usipoanza kurekebika baada ya siku chache, maambukizi mapya ni ya kutarajiwa zaidi.

Kupima HLA-DR kunahitaji mashine ya gharama kubwa na mtaalamu wa kuitumia. Hesabu ya limfosaiti, kinyume chake, imo tayari katika kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho mgonjwa mahututi hupimwa mara kwa mara, na inasikitisha kwamba jicho huishia kwenye jumla ya chembe nyeupe.

Namba ya siku moja haitoshi, kwa sababu VVU, dawa za saratani, steroidi na hata uzee huweza kuishusha bila sepsisi. Tena, utabiri unaotokana na makundi ya wagonjwa hauwezi kumhukumu mtu mmoja, na ninapinga kabisa kuutumia kuamua nani apunguziwe matibabu. Unafaa kutuelekeza nani aangaliwe kwa karibu zaidi, nani atolewe mpira wa mkojo mapema, nani atafutiwe maambukizi mapya, na nani ajaribiwe dawa za kuamsha kinga, ambazo bado zinafanyiwa utafiti na zinaweza kumdhuru yule ambaye kinga yake ingali imechachamaa.

Ninaziomba maabara zichapishe hesabu ya limfosaiti ya siku zilizopita kando ya ile ya leo, katika karatasi moja ya majibu, ili daktari wa zamu aone mwelekeo bila kupekua faili zima.

Msomaji wako,
Daktari wa wagonjwa mahututi