Ile picha ya Nebula ya Kaa si picha moja

Mhariri,

Magazeti yetu hupenda kupamba kurasa za sayansi kwa picha ya Nebula ya Kaa, masalia ya nyota ambayo Wachina waliona ikilipuka mwaka 1054. Chini huandikwa "picha ya darubini", basi. Ile iliyozoeleka zaidi ni ya darubini tatu zilizopandanishwa: buluu ni eksirei za Chandra, nyekundu na njano ni mwanga wa kawaida wa Hubble, zambarau ni infraredi (mwanga wa joto, usioonekana kwa macho) ya Spitzer. Rangi ya buluu imechaguliwa na watu. Eksirei hazionekani kwa macho.

Buluu hiyo ni ndogo kuliko nebula nzima, na kosa si la Chandra. Katikati kuna pulsari, nyota ya neutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyolipuka, yenye upana wa kilomita 20 hivi, inayojizungusha mara 30 kwa sekunde na kumwaga elektroni zenye nguvu kubwa. Zinazotoa eksirei huishiwa nguvu mapema, kabla ya kufika kingoni.

Kuipima pulsari yenyewe ndiko kwenye kazi. Kamera ya ACIS ya Chandra kwa kawaida hukusanya fotoni (chembe za mwanga) kwa sekunde 3.2 ndipo isome fremu, yaani picha moja. Kufikia hapo pulsari imeshazunguka zaidi ya mara 90, na mapigo yake yote, yaani mimweko inayotufikia kila inapojizungusha, yamevurugana. Tena fotoni mbili zikiangukia pikseli moja ndani ya fremu moja, kamera huzihesabu kuwa moja yenye nguvu ya zote mbili. Zikizidi mno, hutupwa kama takataka, na mahali penye mwanga mkali kuliko pote pakabaki tundu jeusi! Dawa ni kusoma kipande kidogo tu cha kamera ili fremu iwe fupi, au kuisoma mfululizo kila milisekunde 2.85. Njia hii ya pili inakupa wakati sahihi, ila picha inageuka mstari.

Halafu kuna hesabu ya saa. Kwa kuwa Dunia inazunguka Jua, pigo laweza kuwahi au kuchelewa kwa dakika 8 hivi, kwa hiyo kila fotoni hupewa saa ambayo ingefika kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Ukiruka hatua hiyo, mapigo yanafifia hadi kupotea. Wala usitumie kipimo cha mzunguko cha mwaka jana: muda wa mzunguko mmoja wa pulsari hurefuka kwa nanosekunde 36 hivi kila siku. Ndiyo maana wataalamu hutegemea vipimo vya redio vya kila mwezi kutoka Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio huko Uingereza.

Sisi wa pwani mambo haya si ya wageni. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na Nebula ya Kaa imo katika orodha yake ya vyanzo vya eksirei.

Basi chini ya picha ijayo tuandikieni darubini zilizohusika, aina ya mwanga kwa kila rangi, na mwaka wa kila picha. Mstari mmoja unatosha.

Msomaji wako,
Malindi