Kwa wasichana wa kikundi chetu cha kilimo cha mwani, Jambiani, Unguja

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshuka nami pwani,

Assalaam alaykum. Barua hii anaiandika mjukuu wangu, mimi namtajia tu, maana vidole vyangu vimezoea taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kuliko kalamu. Bamvu lililopita, zile siku za maji makubwa, niliwasikia mkizungumza nyuma yangu, mkidhani masikio ya bibi yamejaa maji ya chumvi. Mmoja wenu akasema, "Hapa leo ni jana, na kesho ni leo." Mkacheka. Nami nilicheka, lakini neno lile nililala nalo.

Kabla sijalijibu, tuelewane. Sikuandikieni ili mridhike na bei. Bei ya mwani ni ndogo, na mgongo wangu unakumbuka kila kiroba tangu mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya kilimo hiki kuanza huku kwetu. Mkienda kudai bei, niiteni, nitakaa mbele. Na mtu akikusifieni uzuri wa kazi yenu huku anapunguza kwenye mzani, mkimbieni.

Lakini kwamba leo ni jana, hapo hapana. Hata saa haifanani. Maji hukawia kila siku kwa kadiri ya dakika 50, ndiyo maana bamvu tunalianza kwa kushuka saa tatu asubuhi na baada ya siku nne tunashuka watu wakielekea msikitini kuswali adhuhuri. Mwezi ukiandama tunafunga mbegu, vile vipande vya mwani, kwenye kamba, ukiwa mpevu tunafunga tena, na katikati yake ni maji mafu, siku za kufua, kushona, kulala mchana bila ya aibu. Nani mwingine ana kazi iliyopangwa hivyo?

Mimi niliwahi kuishi kwa saa ya ukutani. Nilikuwa msichana, nikapelekwa Mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu. Chai saa moja, kufagia saa mbili, kila siku, bila ya kukosea. Mwaka mzima sikujua mwezi umeandama ila Ramadhani, watu walipopiga kelele juu ya mapaa. Kazi ile ilikuwa nyepesi kuliko hii, sitadanganya. Ila hakuna nililolijua siku ya mwisho ambalo sikulijua wiki ya kwanza.

Hapa kila siku nafundishwa. Asubuhi ya kusi mwamba unanguruma tangu sijatoka kitandani, nikajua leo maji yatakuwa baridi na mwani utakuwa na raha. Kaskazi mwamba hunong'ona, maji yanapata moto, na hapo mkono ndio wa kwanza kupata habari. Mwani mzima ukiukata hulia kach! Mgonjwa hunyamaza, unalegea, ncha zimeingia weupe. Zamani tulikuwa na mwani wa aina ya cottonii, mnene, wenye bei ya juu kidogo. Joto la maji likaushinda, tukabaki na aina ya spinosum. Nasema kwa huzuni, ila nakumbuka vyema siku ambayo vidole vyangu vilijua kabla hajaja bwana shamba yeyote kutuambia.

Na mafundo! Nyinyi mnadhani fundo ni fundo. Nipelekeni kwenye kamba yoyote ya kikundi nami nitakwambieni kaifunga nani. Yupo miongoni mwenu anayekaza mpaka mbegu inakatika (anajijua). Yupo anayefunga kama anasuka nywele. Marehemu mwenzangu, niliyeanza naye, mafundo yake yote yaliegemea kushoto. Miezi mingi baada ya kumzika, nilikuwa nachagua kamba kuukuu za kutumia tena. Nikaikuta moja, taitai zake zote zimelala kushoto, hata moja haijafunguka. Nilikaa mchangani mpaka maji yakanifika kiunoni. Kamba ile sikuifungua. Nilifunga mbegu mpya juu ya mafundo yake, na siku 45 baadaye tukavuna, mimi na yeye.

Mama yangu hakuwahi kuuona mwani wa kufungwa. Yeye alifukia makumbi ya nazi pwani hii hii, akiyafukua baada ya miezi, akiyapiga kwa gogo mpaka yakatoa usumba, akasokota kamba pajani. Alikuwa akinusa kumbi na kusema, "Bado," au "Tayari." Nikiwa mtoto niliona ni uvundo mtupu.

Wageni wanapita na kamera zao wakati tumeinama, na nimewaona nyinyi mkizitizama picha hizo kwenye simu mkisema, "Kumbe pwani yetu nzuri!" Nilikereka kidogo, nikiri. Picha ile imepigwa kwa mbali. Haina samaki tasi wanaokuja kula mwani wetu, wezi wale, ambao jioni tunawala kwa chukuchuku na kulipiza kisasi. Haina kanga iliyoganda chumvi ikikwaruza magoti. Wala haina yule wa kwenu anayeimba vibaya kila maji yakianza kurudi, na sote tukajua ni wakati wa kubeba. Akikosa siku moja, tunachelewa.

Uzuri wa nyumbani sitauandika, wino utaisha. Sauti ya mbuzi ya nazi kutoka nyumba tatu kwa wakati mmoja mnaisikia wenyewe.

Bamvu linaingia Jumatano inshaallah. Tushuke saa tatu, si saa tatu na nusu kama mlivyozoea. Vijiti vya upande wa kusini vimeng'oka, tutaanza huko. Chai ya mchaichai naleta mimi, muhogo alete aliyesema leo ni jana. Na kisu changu chenye mpini wa kamba, aliyekichukua anirejeshee.

Bibi yenu