Shukrani kwa dada wa steshenari, Ng'ong'ona, Dodoma

Dada yangu, jina lako sikuuliza. Ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya kuprinti, jioni ile umeme ulikatika, mimi na barua yangu ya kuomba nafasi katika programu ya chuo ya wanafunzi wenye ufaulu wa juu. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Niliamini hiyo ni ya waliochaguliwa tangu mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa mwaka wa pili, GPA (wastani wa alama) 4.4 kati ya 5, yaani ndiyo kwanza nimegusa daraja la kwanza. Ukaniambia, "Mdogo wangu, soma tena tangazo. Mwaka wa pili wanaruhusiwa."

Ukawasha tochi ya simu, ukakata aya nzima ya mwanzo kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimejaza shida za nyumbani Kondoa. Ukasema, "Waambie unataka kuchunguza nini." Nikaandika kuhusu uwele na ukame, jambo ninalolijua tangu nikiwa mtoto shambani.

Nimepokelewa, dada. Jumatatu nimeanza. Ile karatasi yenye wino wako mwekundu ninayo bado, ndani ya daftari. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.