Hela ya futari usinitumie

Soni, Lushoto
9 Machi 2025

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, funga inakwenda vizuri na mvua imeanza kushika.

Hela uliyotuma juzi imefika. Nimeirudisha kwenye simu yako leo asubuhi, yote, kwa hiyo ukiona ujumbe usidhani ni matapeli. Nimeirudisha kwa sababu shangazi yako alinipigia kunipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Akanyamaza, kisha akasema alidhani najua kwamba umeachishwa kazi. Mama mzima napewa pole ya mwanangu wala sijui kilichompata! Hilo limeniuma, na nimeona nikwambie kabla sijasahau kuwa limeniuma.

Juu ya kazi yenyewe sina ugomvi na wewe. Haikuisha kwa uvivu wako wala kwa udokozi. Amri ilitiwa sahihi Washington tarehe 20 Januari, misaada ya Marekani kwa nchi za nje ikasimamishwa siku 90 eti waitazame upya, na siku hizo hazijafika hata mwisho ninyi mliokuwa mkipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa walioacha dawa mkaambiwa rudisheni pikipiki. Redio inaisema habari hiyo kila siku, na si kwetu peke yetu. Kenya, Uganda, Afrika Kusini, watu wa miradi ya ukimwi wamerudishwa nyumbani. Nilikuwa nasikiliza nikimshukuru Mungu kwamba wewe umenusurika, maana ulikuwa kimya.

Ugomvi wangu ni hela. Hiyo ya futari umeitoa wapi?

Naogopa umekopa. Usinijibu kwa ujumbe mfupi wa "usijali mama", nipigie unitajie. Hapa kijijini tumeona mikopo ya kausha damu inavyofanya: mama wa watu amekopa kidogo, marejesho kila siku, akikosa siku mbili wanakuja kubeba godoro na televisheni mchana watu wakitazama. Na hiyo ya kwenye simu ndiyo mbaya zaidi, hawabishi hodi. Wanawaandikia watu wote ulio na namba zao kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Namba ya kwanza kwenye simu yako ni ya nani? Kama umeshachukua, sema ni kiasi gani na kwa nani. Kikoba chetu tunagawana Juni, lakini naweza kuomba mkopo kabla, na riba yake inabaki kwetu wenyewe.

Sasa sikiliza haya. Jirani yetu mwalimu mstaafu, yule aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, nilimwendea baada ya tarawehe akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nami nikaandika. Mtu anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Likizo ambayo hukuichukua inalipwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wewe una miaka saba, piga hesabu mwenyewe. Hati ya utumishi ni haki yako, idai. Na kama kuna walipokosea katika kukuachisha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 tu za kupeleka malalamiko. Barua yako ina tarehe gani? Usisubiri Iddi ipite.

Mwalimu amesisitiza jambo moja, nami nalikazia: usisaini karatasi yoyote inayosema umeacha kazi kwa hiari yako, hata wakikuambia ndiyo njia ya kulipwa haraka. Aliyeacha mwenyewe hapati fao la kukosa ajira. Aliyeachishwa, kama amechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, angalau miezi 18, anapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Siyo nyingi, lakini ni kodi ya nyumba na maziwa ya mjukuu wangu. Nenda ukatazame kwanza kama michango yako imepelekwa yote. Usiamini maneno, taka karatasi.

Hela hizo zikitoka, usinitumie.

Shangazi anasema umekataa nafasi kwenye zahanati ya mtu kwa kuwa mshahara ni mdogo. Mdogo kuliko upi, mwanangu? Hapa ndipo ulipokosea, na nakwambia kwa mapenzi. Mkono wa muuguzi ukikaa bila kazi unasahau. Nenda ukaanze, huku unaomba serikalini. Sekretarieti ya Ajira wakitangaza nafasi za kada za afya uwe na leseni hai, si unakimbizana nayo siku ya mwisho. Leseni hiyo nayo ilipie kwanza, kabla ya sofa. Ndiyo, sofa nimesikia pia.

Kwa nini ulichagua kazi ile tunajua mimi na wewe, sirudii. Lakini ujue watu hawajasahau. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure hospitalini, wengi walizikimbia kwa aibu, na hata sasa wapo wanaokimbia. Watu kama wewe ndio wanaowarudisha. Pale sokoni yupo bibi anayeuza pilipili hoho ambaye kila akiniona anauliza habari za "muuguzi wetu". Sijamwambia. Nitamwambia ukishaniambia wewe.

Orodha ya maombi inayotoka nyumba hii ni ndefu, na jina langu liko juu kabisa, hilo nalijua. Yale mabati niliyokuomba Desemba yaache. Fundi amebandika kipande pale juu ya jiko na hakuvuji isipokuwa mvua ikija na upepo. Mdogo wako hela yake ya chakula shuleni nimelipa nusu kwa plamu za mwaka huu, nusu iliyobaki mwalimu mkuu amekubali hadi maharage yakikomaa. Kwa hiyo tunakula, tunafuturu uji na viazi vitamu, hatuna njaa. Nguo za Iddi usimnunulie mtu yeyote.

Kodi yako inaisha mwezi gani? Kama mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, usitafute hela ya kumpa. Mlete mtoto huku, nawe ubaki na chumba kimoja hadi mambo yakae sawa. Chumba chenu nimetoa mahindi, nimepaka chokaa. Mje na sweta, kunakuja baridi.

Kijana wa basi anakuletea ndoo ya viazi na mbegu za maboga. Nauli yake nimeshamlipa, asikudai tena. Ndoo ni ya jirani, mpe airudishe.

Nipigie leo usiku baada ya futari.

Mama yako