Malalamiko ya kunyimwa dhamana ya simu kwa rangi ya kibandiko

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KITUO CHENU CHA MATENGENEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimenunua simu ya kampuni yenu na dhamana yake haijaisha. Niliipeleka kituoni kwenu kwa tatizo moja: nikifungua kamera, hasa nikiwasha flashi, simu inazimika papo hapo ilhali betri inaonyesha asilimia 40 na zaidi. Nikiichomeka kwenye chaji inawaka tena, na asilimia inakuwa ileile au imeshuka kidogo tu. Vingine vyote ni vizima. Kioo kinaitikia mguso, spika haikwaruzi, mtandao unashika, chaji inaingia kama kawaida.

Fundi aliyenipokea alichomoa kitrei cha laini, akamulika tochi ndani ya tundu lake, kwenye kibandiko kinachobadilika rangi kikiguswa na maji, akasema, "Hii imeingia maji." Ukaguzi ukaishia hapo. Simu haikufunguliwa wala haikuunganishwa na kipimo chochote. Kwenye fomu niliyopewa, mahali pa kueleza ubovu pameandikwa "uharibifu wa maji", na sehemu ya vipimo imeachwa wazi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipouliza kama betri imepimwa, nilijibiwa kwamba kibandiko kikishabadilika rangi hakuna haja ya kupima kitu kingine.

Napinga utaratibu huo, na naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu haunigusi mimi peke yangu. Mzee aliyenitangulia kwenye foleni aliambiwa maneno yayo hayo. Alikunja fomu yake, akaitia simu mfukoni, akaondoka bila kuuliza lolote. Mtu anapoambiwa na fundi mwenye sare ya kampuni kwamba simu yake imeingia maji, atabisha kwa lipi?

Kibandiko nilikiomba nikione na nikakipiga picha, nayo nimeiambatanisha. Ukingo wake mmoja una wekundu hafifu. Katikati na upande wa pili bado ni cheupe. Mnavyojua, kibandiko cha aina hii ni karatasi nyeupe inayonyonya, na chini yake kuna rangi nyekundu inayoyeyuka ikiguswa na maji. Unyevu ukipenya, rangi hupanda juu na haishuki tena. Kwa hiyo kinachoweza kutuambia ni kwamba wakati fulani unyevu ulifika mahali pale. Hakituambii ulifika lini, ulikuwa kiasi gani, ulikuwa jasho, umande au maji ya bahari, wala kama ulisonga mbele hata ukaigusa bodi, yaani saketi kuu ya simu. Na hakiwezi hata kidogo kutuambia ni kitu gani kinachoizima simu leo kamera inapofunguka.

Tena kimekaa karibu na mlango. Tundu la laini hufunguliwa kila mtu anapobadilisha laini, mara nyingi kwa vidole vyenye unyevu. Simu ikitolewa kwenye chumba chenye baridi ya kiyoyozi na kuingia kwenye joto lenye unyevunyevu, umande huweza kujikusanya juu ya sehemu zake zilizopoa. Wekundu wa ukingoni unaofanana na huo ni sababu ya kuanza uchunguzi, na ninyi mmeufanya kuwa hukumu.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2013 Apple ilikubali kulipa dola milioni 53 za Marekani kumaliza kesi ya wateja wa iPhone na iPod touch walionyimwa dhamana kwa sababu ya vibandiko vya namna hii, vilivyokuwa ndani ya tundu la spika za masikioni na tundu la chaji. Kampuni hiyo haikukiri kosa. Lakini katika shauri hilo ilielezwa kuwa kampuni ya 3M, waliotengeneza utepe uliotumika kwenye vibandiko hivyo, walisema unyevunyevu wa hewa unaweza kuugeuza rangi ya waridi hata kama maji hayakuugusa. Siwalinganishi na wengine ili kuwachafua. Nataka ieleweke kwamba udhaifu wa kutegemea rangi peke yake umejulikana kwa miaka mingi, na kituo cha matengenezo hakiwezi kufanya kazi kana kwamba haujulikani.

Sasa nije kwenye boksi la simu. Limeandikwa IP68, alama ya kustahimili vumbi na maji, na tangazo lenu linaionyesha simu ikimwagikiwa maji. Najua mipaka ya alama hiyo. Chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, tarakimu ya 6 ni ya vumbi, na 8 ni ya kuzamishwa majini kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji, zaidi ya masharti ya 7 ambayo ni mita 1 kwa dakika 30. Majaribio hufanywa maabara, kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Hayahusu mvuke, sabuni wala maji ya bahari, na gundi inayoziba simu huchoka kwa umri na kwa kuangushwa. Hayo yote nayakubali. Simu yangu haijawahi kuzamishwa, haina ufa, na haijafunguliwa na fundi yeyote. Kama unyevu umeweza kuupita mpira mwembamba unaozunguka kitrei kwa matumizi ya kawaida, basi swali la kwanza ni kwa nini mpira huo haukuzuia, na mwenye kulijibu ni aliyeutengeneza.

Mamlaka za nchi nyingine zimeshaliona pengo hili kati ya tangazo na dhamana. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya yuro milioni 10, ikigusia namna kampuni hiyo ilivyotangaza uwezo wa iPhone kustahimili maji huku dhamana ikikataa uharibifu wa vimiminika. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung kulipa dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo ya Galaxy yaliyoonyesha simu zikitumika kwenye bwawa na baharini, wakati tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu iwapo simu ingechajiwa ikiwa bado mbichi. Maamuzi hayo hayawafungi ninyi, lakini hoja iliyo ndani yake ni yangu pia: mteja hawezi kuuziwa kinga ya maji dukani, kisha akanyang'anywa dhamana kwa dalili ndogo kabisa ya unyevu.

Uharibifu wa maji wenyewe haujifichi kwa mtu anayeutafuta. Maji yakikutana na umeme kwenye bodi huacha kutu nyeupe au ya kijani kwenye viunganishi na kwenye miguu ya vipuri, na mara nyingine alama nyeusi pale palipopiga shoti. Hadubini ya kawaida ya fundi inatosha kuviona. Bodi iliyolika mara nyingi hunyonya umeme hata simu ikiwa imezimwa, na kipimo cha mkondo kitaonyesha. Kamera huingia ukungu, sauti hukwaruza, kioo hujibonyeza chenyewe, na matatizo huzidi siku hadi siku kwa sababu kutu haisimami. Simu yangu haina hata dalili moja kati ya hizo.

Iliyo nayo ni dalili ya betri mbovu. Ukinzani wa ndani wa betri, yaani kizuizi cha umeme ndani yake, ukipanda, volti hushuka ghafla pale simu inapodai nguvu nyingi kwa mara moja, na kamera pamoja na flashi ni miongoni mwa vinavyodai hivyo. Volti ikishuka chini ya kiwango, chipu inayosimamia umeme huizima simu, hata kama asilimia iliyoandikwa kwenye kioo bado ni kubwa. Fundi akiweka betri nzima na kufungua kamera, atapata jibu kabla mteja hajachoka kusubiri.

Naomba basi simu ifunguliwe mbele yangu, au ipigwe picha kila hatua kama utaratibu wenu hauruhusu mteja kuingia ndani. Vibandiko vilivyoko ndani ya simu vitazamwe, bodi ikaguliwe kwa hadubini, betri ipimwe ikiwa imebebeshwa mzigo, yaani ikitoa umeme mwingi, na matokeo yaandikwe kwenye fomu ile iliyoachwa wazi. Ikionekana kutu, nionyeshwe iko wapi na inaizimaje simu. Nikionyeshwa nitakubali na sitadai dhamana. Isipoonekana, nibadilishiwe betri bila malipo, au simu nyingine kama betri haikuponya tatizo. Data zangu zisifutwe bila idhini yangu ya maandishi.

Pia naomba mafundi wenu waagizwe kwamba rangi ya kibandiko isitoshe kumnyima mteja dhamana pasipo ukaguzi wa ndani na maelezo ya maandishi. Yule mzee aliyeondoka na fomu yake anastahili kupigiwa simu; namba yake mnayo kituoni.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitalipeleka suala hili kwenye chombo cha kulinda haki za walaji pamoja na vielelezo vyote. Nimeambatanisha nakala ya risiti, kadi ya dhamana, fomu ya kituo chenu, picha ya kibandiko na video fupi ya simu ikizimika kamera inapofunguliwa.

Wenu,

Mteja
(jina, sahihi na namba ya simu vimo kwenye fomu iliyoambatanishwa)